Mjerumani Hakuwa na Land Rover

Tamaa yangu ya kwanza ilikuwa bastola. Si ya kufyatulia. Nilitaka ile ya zamani yenye silinda inayozunguka, mpini uliochakaa na namba iliyochongwa ubavuni. Nilikuwa nimeangalia sana picha za Webley, bastola za maofisa wa Kiingereza zilizotengenezwa Birmingham, na nikajifunza wakusanyaji wanazipimaje: namba za vipande vyote zilingane, rangi ya chuma iwe ile ya kiwandani, vichwa vya skrubu visiwe vimetafunwa na bisibisi. Kisha nikaenda kuuliza. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha ya moto inataka leseni, na hadithi kwamba ilikuwa ya babu haikusaidii ukiwa umesimama kaunta ya kituo cha polisi. Kama unayo moja kwenye sanduku la marehemu, usinipigie picha. Nenda kituoni ukaulize utaratibu.

Basi nikageukia silaha ambazo hapa Karatu huhitaji kuzitafuta mbali: mikuki na sime. Nimezikusanya miaka minane sasa, na nyumbani ninazo kumi na saba. Tano kati ya hizo ni ada ya ujinga, nilizonunua kabla sijajua kuangalia. Nimeziweka makusudi, zinanisaidia kufundishia.

Ya kwanza kati ya hizo tano niliinunua kwenye duka la vinyago, barabara ya kupanda lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro. Kijana wa duka aliitoa kwenye kitambaa chekundu, polepole, kama anayefunua mtoto aliyelala. "Hii kaka ni ya enzi za Mjerumani," akaniambia. Ilikuwa nyeusi, imekula kutu, ala yake imepasuka vizuri. Nililipa laki mbili na nusu na nikatoka najiona mjanja.

Miezi michache baadaye nilishuka Mang'ola na gari la vitunguu, nikapita kwa mhunzi mmoja wa Kidatoga. Watu wa kule Eyasi wanajulikana kwa kazi hiyo. Msumari wa mbao unageuka ncha ya mshale wa Mhadzabe, na bomba la maji na kufuli bovu vinayeyushwa kuwa bangili. Mzee alikuwa amekaa kwenye vumbi, kijana wake anapuliza viriba vya ngozi ya mbuzi, na fuawe lao ni kipande cha chuma kizito kilichotoka kwenye mashine ambayo sikuitambua. Nikamsalimia, nikampa sime yangu. Hakuangalia makali. Aliuvua ule mpini wa ngozi kidogo kwa kucha, akaniita niiname.

"Unaona hapa?"

Kwenye shina la chuma, pale linapojificha ndani ya mpini, kulikuwa na nusu duara, imekatwa safi kabisa.

"Hili ni tundu la senta bolti," akasema. "Hii ni springi ya gari. Chuma kizuri, nakusifu. Lakini Mjerumani hakuwa na Land Rover."

Kijana kwenye viriba alicheka mpaka moto ukapoa. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948. Wajerumani walipoteza nchi hii katika Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kwa hiyo sasa jambo la kwanza ninalouliza ni sime ilikuwa nini kabla haijawa sime. Mhunzi hachimbi chuma siku hizi, anageuza. Springi ya gari inaacha tundu au mkunjo. Tupa ya fundi seremala inaacha meno yake, na hata ikifuliwa vizuri ukiilaza kwenye mwanga wa asubuhi utayaona kwa mbali karibu na shina, kama magamba ya samaki. Panga linaacha chapa. Nina sime moja ambayo kwenye ubapa bado pana alama ya mamba ya Martindale, kiwanda cha mapanga cha Birmingham, mji uleule wa bastola nilizozikosa. Nilifurahi siku hiyo kuliko inavyostahili. Kujua chanzo cha chuma hakukupi mwaka, kunakupa mpaka: haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kilichoizaa.

Hapa Karatu neno "Mjerumani" lenyewe linataka tahadhari. Kabla ya 1914 ndugu wawili, Adolph na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walifuga ng'ombe ndani ya kreta ya Ngorongoro, na kila muuza mkuki anayewajua atakuambia mkuki wake ulitoka kwao au ulielekezwa kwao. Lakini Wajerumani walirudi Tanganyika kuanzia 1925, na wale wa Oldeani walilima kahawa hadi Vita ya Pili ilipozuka 1939. Mzee akikwambia baba yake alipata sime "wakati wa Mjerumani", huenda anasema kweli kabisa na anamaanisha 1935. Muulize: Mjerumani yupi, wa boma au wa kahawa?

Kutu ndiyo inayowadanganya wengi. Kutu ya miaka ni nyeusi au kahawia iliyoiva, imekaa kwenye vishimo, na ukipitisha kidole haikuachii kitu. Kutu ya wiki mbili ni ya rangi ya chungwa na inakuganda kidoleni. Nimeambiwa na wenye kazi hiyo, bila aibu, jinsi inavyopikwa: maji ya chumvi, ndimu, maji ya betri, kisha chuma kinafukiwa kwenye mbolea ya ng'ombe. Maji ya betri yanakula sawasawa kila mahali. Umri hauli sawasawa. Unakula zaidi pale mvua ilipoingia kwenye ala na pale damu ilipokauka karibu na mpini, na unaacha sehemu ambayo mkono ulipita kila siku.

Baada ya hapo toa sime kwenye ala, uirudishe, uitoe tena, taratibu, ukisikiliza. Ala ya Kimasai ni vipande viwili vyembamba vya mti vilivyovishwa ngozi na kupakwa rangi nyekundu. Sime iliyolala humo miaka thelathini imechonga njia yake: inaingia kwa mlio mmoja na inakaa. Ikicheza kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake, hao wawili wamekutanishwa dukani. Kwangu hii ndiyo namba ya bastola. Nikikuta sime na ala yake ya asili, bei yangu inapanda mara mbili. Nikikuta zimeozeshwa dukani, nalipia chuma peke yake.

Ngozi inusie. Usione haya, wauzaji wameshanizoea. Ngozi iliyokaa kwenye boma ina moshi, mafuta na udongo mwekundu. Ile ya dukani mara nyingi ina dawa ya viatu. Ninatembea na kitambaa cheupe: udongo mwekundu unatoka kama vumbi na ukikipuliza unaruka, dawa ya viatu inabaki imeng'ang'ania na inanuka dawa ya viatu.

Mkuki una maswali yake. Ule wa kuuzia wageni umekatwa kwenye bati nene, bapa kabisa, na vipande vyake vitatu vinafungwa kwa hesi ili viingie kwenye sanduku la ndege. Sina ugomvi nao; ni zawadi nzuri na umelisha familia nyingi. Mkuki wa kazi una mgongo ulioinuka katikati ya ubapa wake, na pale chuma kinapopokea mti utaona mshono ambapo mhunzi alikunja bati la moto kuwa bomba. Ukiona uvimbe wa kuchomelea kwa umeme, jibu umeshapata. Mti wa katikati nao una mahali pamoja panapong'aa, upana wa kiganja, mahali pa mkono. Ukikuta mti wote unang'aa, umepigwa vanishi.

Umbo nalo linasema, ingawa kwa sauti ya chini. Mikuki ya Wamasai ya karne ya 19 ilikuwa na ubapa mfupi na mpana, kama jani. Ile mirefu myembamba tunayoiona kwenye kila bango la utalii ilishika nafasi baadaye. Mfupi wa kweli ni adimu mno huku. Oscar Baumann aliingia Ngorongoro mwaka 1892 akakuta Wamasai wanakufa njaa baada ya sotoka kumaliza ng'ombe, na vingi vilivyochukuliwa na wasafiri wa miaka ile viko kwenye makumbusho ya Ulaya. Kwa hiyo mtu akikupa mkuki wa jani pembeni ya barabara kwa elfu themanini, mshukuru, uondoke.

Kuna vitu sigusi. Ngao za zamani za Wamasai ni ngozi ya nyati, na kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009 hiyo ni nyara. Bila hati halali unajitafutia kesi. Hali kadhalika vilemba vya manyoya ya simba, na rungu lolote ambalo muuzaji anakunong'oneza kuwa ni pembe. Siokoti kitu ardhini Ngorongoro, Oldupai wala Engaruka, hata shanga. Na wewe unayeniandikia kutoka Oslo au Muscat ukitaka nikutumie: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kabla vitu vya utamaduni havijavuka mpaka. Mimi situmi.

Sasa bei. Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wa bastola. Kwao mpini uliobadilishwa unaua thamani. Kwangu sime ambayo haijawahi kutengenezwa inanitia shaka, kwa sababu kifaa cha kazi kinavunjika. Ninachotazama ni matengenezo yalifanywa kwa ajili ya nani. Makali yaliyoliwa na kinoo yamepungua upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu mtu ana mkono wa kulia na jiwe lake ni lilelile. Makali ya grenda yana mistari ya duara iliyopangana, na mahali pengine chuma kimeungua rangi ya bluu. Kinoo kilikuwa cha mwenye sime. Grenda ni ya mteja. Ya kinoo, hata ikiwa mbaya kuitazama, nalipa laki na nusu hadi mbili kama ala ni yake. Ya grenda, elfu thelathini, na siku hizi hata hiyo sitoi.

Ukishainunua, tupa msasa. Ipake mafuta ya cherehani kidogo kwa kitambaa, na usiihifadhi ndani ya ala, maana ngozi inavuta unyevu na ukungu wa huku juu hauna huruma. Andika kwenye kadi jina la kijiji, mwaka uliopewa, na maneno ya aliyekuuzia kama alivyoyasema, hata usipoyaamini.

Mwezi uliopita nilikuwa Endulen, nikaonyeshwa sime ya mzee mmoja. Ubapa wake umeliwa hadi kubaki upana wa vidole viwili. Mpini umefungwa mpira wa ndani wa baiskeli, na juu ya mpira waya wa shaba. Ala imeshonwa mara tatu, kila mara kwa uzi tofauti. Niliitoa, nikairudisha. Mlio mmoja.

"Babu, ukiniuzia nitaitunza," nikasema.

"Naitunza mimi."

"Nina laki mbili hapa."

Alizitazama kwa heshima, akairudisha sime kiunoni. Akaniambia ana mjukuu Dar es Salaam, mlinzi, anarudi Disemba. Yeye ataulizwa kwanza. Akikataa, nije, lakini nije na mbuzi, siyo karatasi. Kisha akaitoa tena, akakata kipande cha nyama kilichokuwa motoni, akanipa kwenye ncha.

Disemba bado wiki sita. Nimeshaanza kuulizia mbuzi.