Dar es Salaam hadi Mwanza kwa Ndege: Hesabu Saa Kuanzia Mlangoni Kwako

Basi linalotoka stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenda Mwanza hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga. Barabara hiyo ina zaidi ya kilomita 1,100, na safari humla abiria kutwa nzima. Ndege hukata moja kwa moja kuelekea kaskazini-magharibi, umbali wa kilomita 850 hivi.

Muda wa angani

Ndege ya jeti ikishatulia angani huenda kwa mwendo wa kilomita 800 hivi kwa saa. Kwa hesabu hiyo ungefika kwa saa moja na dakika chache, lakini ratiba huonyesha kama saa moja na nusu. Muda unaozidi ni wa kutembea ardhini hadi njia ya kurukia, kupaa, kushuka taratibu na kusogea hadi maegesho. Ndege ya pangaboi huenda polepole zaidi, hivyo huweza kukaribia saa mbili. Kabla ya kulipa, uliza utapanda ndege ya aina gani.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi

Hapa ndipo abiria wengi huachwa. Tiketi haifuati saa zetu za Kiswahili. Ikiandikwa 07:00, ni saa 1 asubuhi, si saa 7 mchana. 13:00 ndiyo saa 7 mchana, na 19:00 ni saa 1 usiku. Kwa safari za nje kuna mtego mwingine: 00:30 ya tarehe 15 ni saa 6 na nusu ya usiku ule ulioanza tarehe 14 jua lilipozama. Ukienda uwanjani tarehe 15 jioni, ndege imeshaondoka.

Hesabu kamili

Tuseme unaishi Mbagala na ndege ni ya 07:00. Toka nyumbani saa 10 alfajiri, ili saa 11 uwe uwanjani, saa mbili kabla ya kuondoka. Kaunta hufungwa mapema, na aliyechelewa hapokelewi hata kama ndege bado anaiona. Unatua saa 2 na nusu. Ukishachukua mzigo na kuingia mjini Mwanza, yapata saa 3 na nusu. Jumla ni saa tano na nusu, na kati ya hizo ni moja na nusu tu uliyokuwa ndani ya ndege. Kwa hiyo usipange kikao cha saa 3 asubuhi. Panga cha saa 5.

Kwa anayefunga

Miji yote miwili hutumia majira yaleyale ya saa, lakini Mwanza iko magharibi zaidi. Jua huchelewa kutua huko kwa takriban dakika 25, zikipungua au kuongezeka kwa msimu. Ukishafika, futuru kwa magharibi ya Mwanza, usifuate ratiba uliyotoka nayo Dar.

Kwa anayekupokea

Usimtumie mwenyeji wako tarakimu peke yake. Mwandikie kwa maneno: "Natua Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi." Hapo hatakuja kukutafuta uwanjani saa 8 mchana.