Je, kumuuliza kijana kuhusu kujiua kutampa wazo hilo?

SWALI: Mama mmoja wa Mombasa ana binti wa kidato cha pili ambaye siku hizi havui sweta hata jua likiwaka. Juzi aliona makovu mkononi mwake. Anaogopa kuuliza. Afanye nini?

JIBU: Amuulize. Tafiti zinaonyesha kuwa swali la wazi halimtii kijana wazo la kujiua. Mara nyingi humpa nafuu. Wakiwa faraghani, inatosha kusema: "Mwanangu, nimeona mkono wako. Umewahi kufikiria kujiua?" Kisha anyamaze, asikilize, bila kufoka wala kuhubiri.

Vijana wengi wanaojijeruhi hawadeki wala hawatafuti kufa. Wanajaribu kutuliza maumivu ya moyoni. Hata hivyo, kujijeruhi huongeza hatari ya kujiua baadaye. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya wenye umri wa miaka 15 hadi 29.

Binti akisema anataka kufa, akianza kuaga watu au kugawa vitu anavyovipenda, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Dawa na sumu za wadudu zifungiwe.

Mama asiogope polisi pia. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba.

Msaada wa kwanza hupatikana kwa simu ya watoto, 116, bila malipo, Kenya na hata Tanzania.