Natubu Jumapili, Jumatatu narudia

*Mchungaji, nauza maharage sokoni. Kopo langu la kupimia nimelibonyeza kitako. Kila Jumapili natubu kwa machozi, Jumatatu naliweka tena mezani. Nimenunua hata maji ya upako, sioni badiliko. Je, Mungu amenichoka?*
*Mama M., Mbeya*

Jibu: Mama M., Mungu hajakuchoka. Dhamiri inayokuchoma ni dalili kwamba Roho bado anasema nawe. Tatizo ni kwamba machozi yalimwagika kanisani, kopo likabaki vilevile.

Msamaha ni zawadi, haununuliwi kwa chupa ya maji. 1 Yohana 1:9 inamwahidi msamaha na utakaso yeyote anayeungama dhambi zake. Utakatifu nao hukua polepole, katika mambo madogo ya kila siku. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakuishia kusikitika: aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu.

Anza leo. Chukua nyundo, ligonge kopo kwa ndani mpaka kitako kinyooke. Faida ikipungua, pandisha bei waziwazi. Wateja unaowakumbuka, waongezee konzi moja au mbili. Asubuhi omba kabla ya kupanga meza, jioni jihoji. Ukianguka, ungama siku hiyohiyo, usingoje Jumapili. Mtafute pia mama mmoja msiri kanisani, muombeane.

Hatia ikikunyima usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, mwone mchungaji wako na daktari pia. Kuomba msaada si upungufu wa imani.