Pima Mteremko wa Shamba Lako



Huko Diani na Msambweni, karibu na pwani, mashamba mengi ni tambarare. Lakini wewe mwenye shamba Shimba Hills waijua kazi ya mvua ya masika. Udongo wa juu, ndio wenye rutuba, huchukuliwa mpaka mto Mkurumudzi, nao mto huupeleka Gazi, baharini. Ukitaka kuuzuia, yafaa kwanza uujue mteremko kwa hesabu. Macho hudanganya.

Mteremko ni kimo ulichoshuka kikigawanywa kwa mwendo uliokwenda sawasawa. Twaa kamba ya mita 10, fito mbili za urefu mmoja, na pima maji. Simamisha ufito mmoja chini na mwingine juu, kamba ikiwa imevutwa barabara. Kwenye ufito wa chini, kamba ifungwe nchani. Mwenzako wa juu aiteremshe yake mpaka pima maji, iliyotundikwa katikati, ionyeshe kuwa kamba imelala sawa. Kisha apime toka ncha ya ufito wake hadi kwenye kamba.

Tuseme amepata mita 1.2. Gawanya kwa 10: ni 0.12, yaani 12 kwa 100. Ukienda mita 20 utashuka 2.4, na 2.4 kwa 20 ni 0.12 vile vile. Mstari ulionyoka ndivyo ulivyo, popote uupimapo jibu ni moja. Jibu likibadilika, basi ardhi imepinda. Kila kipande kipimwe peke yake.

Jambo hili si la darasani tu. Kanuni za kilimo za Kenya za mwaka 1965 zilikataza kulima penye zaidi ya 12 kwa 100 bila kinga ya udongo, na penye zaidi ya 35 bila kibali.

Sasa tuje kwenye matuta ya fanya juu, yanayojulikana sana Machakos. Kimo baina ya tuta na tuta hupatikana hivi: mteremko ugawanye kwa 4, ongeza 2, kisha zidisha kwa 0.3. Penye 8 kwa 100 utapata mita 1.2, penye 12, mita 1.5. Mteremko umezidi kwa 4, kimo kwa 0.3. Gawanya 0.3 kwa 4: ni 0.075. Ukiyachora hayo karatasini utapata mstari ulionyoka, na mteremko wa mstari huo ndio 0.075. Kwa aljebra, kimo kikiwa k na mteremko wa shamba m:

k = 0.075m + 0.6

Ile 0.6 ni mahali mstari unapoanzia, m ikiwa 0.

Lakini angalia! Kimo kimeongezeka, ila matuta yamekaribiana. Penye 8, gawanya 1.2 kwa 0.08: tuta hadi tuta ni mita 15. Penye 12, gawanya 1.5 kwa 0.12: ni mita 12.5 tu.

Zoezi: shamba la 16 kwa 100. (Jibu: kimo mita 1.8, umbali mita 11.25.)