Gauni la boho lisilo na makelele: jinsi ya kulitafuta Ukunda na Diani, na kulilipia bila kulia

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya harusi Msambweni, mmoja wetu hapa ofisini alikuwa bado hana nguo. Si kwamba hakununua. Jumatano alikuwa ameliona gauni kwenye ukurasa mmoja wa Facebook: refu, rangi ya ndovu, lesi kidogo mkononi, pana bila kuwa hema. Ukurasa ulisema duka liko Ukunda na mzigo unaletwa na boda siku ya pili. Bei 2,200. Akatuma. Alhamisi akaambiwa boda amepata pancha. Ijumaa simu ikawa haipatikani tena.

Tulicheka kwanza, halafu tukanyamaza, maana ile ilikuwa hela ya gesi na nauli ya mwezi. Na zaidi, sisi ndio tunaoandika humu kila mara kwamba usitume pesa kwa haraka. Kwa hivyo somo la leo ni mawili ndani ya moja: wapi na vipi utapata nguo ya aina hii huku kwetu kusini, na vipi pesa yako ifike kwa mtu unayemjua.

Kwanza, boho ni nini hasa? Neno limetoka mbali. Bohemia ni eneo lililoko ndani ya nchi ya Cheki ya leo. Wafaransa waliwaita Waroma kwa jina hilo wakidhani wametokea huko, na karne ya 19 jina likahamia kwa wasanii wa Paris walioishi na hela kidogo na kuvaa walivyotaka wenyewe. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Marekani na Ulaya wakalipokea kwa mikono miwili: magauni marefu, tarizi, lesi, vitambaa kutoka India na Moroko. Yaani boho tangu mwanzo ni nguo za kuazima kwa wengine.

Sasa ukiitazama vizuri, huku pwani sehemu kubwa tunayo tayari. Sketi yenye malinda tabaka kwa tabaka inayouzwa ghali kwenye maduka ya watalii ni jamaa wa karibu wa hando, ile sketi nyeupe ya malinda mengi ya akina mama wa Kimijikenda. Gauni pana linaloanguka moja kwa moja kutoka mabegani ni dera. Kitambaa cha pamba chenye mistari na matamvua ni kikoi. Na leso, basi, haihitaji kuelezwa hapa Kwale. Ila tutaeleza kidogo tu: hilo jina la leso lenyewe limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Vitambaa hivyo viliunganishwa kwa kushonwa vikawa nguo moja, kabla ya viwanda kuanza kuchapisha nguo nzima yenye pindo, mji na jina.

Sasa, msomaji wetu mmoja alituuliza: mbona nikivaa boho naonekana kama nimevaa pazia? Swali zuri. Jibu letu ni kwamba nguo ya aina hii inataka kitu kimoja tu cha kusema. Kama gauni lina maua makubwa, acha mkufu wa shanga nyumbani. Kama lina tarizi kifuani, mkoba uwe wa ukindu mtupu. Kama ni pana chini, juu likae vizuri mabegani, maana bega likidondoka hata gauni la elfu kumi linakuwa la kuazima. Rangi zinazosaidia ni zile ambazo macho hayakimbilii: udongo, kahawia, majani makavu, ndovu, nili iliyofifia. Na huku kwetu kuna faida nyingine. Mtu anafanya kazi hotelini Diani mchana, jioni anapita Msambweni kumjulia hali mama mkwe. Gauni refu lenye mikono, na mtandio mwepesi begani, linaingia kote kuwili bila kubadilisha.

Mahali pa kutafuta

Maduka ya barabara ya ufuo Diani yana nguo nzuri, hatukatai. Lakini nyingi zimepangiwa bei ya mtu aliyeshuka kwenye ndege. Nenda pale kuangalia: shika kitambaa, ona mikono imekatwaje, ona urefu unaishia wapi mguuni. Kuangalia ni bure. Halafu shuka sokoni Ukunda.

Kwenye mitumba, kuuliza "belo linafunguliwa lini?" kuna faida kuliko kuuliza bei. Mali ya kwanza, ile wauzaji wanaiita kamera, huondoka asubuhi hiyo hiyo, na ikifika jioni umebakiwa na fagia. Anayetaka wingi huvuka Likoni hadi Kongowea, ila hesabu nauli, muda wa kivuko na chakula cha mchana kabla hujasema umeokoa. Gauni la 300 lililokugharimu 400 kulifuata ni gauni la 700.

Usiamini namba ya saizi kwenye lebo. 12 ya Uingereza huwa karibu na 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na zote zinaweza kuwa ndani ya belo moja. Beba futi ya fundi. Pima gauni likiwa limelazwa, kwapa hadi kwapa, zidisha kwa mbili, linganisha na kifua chako, halafu ongeza nafasi ya kupumua. Kwa nguo pana, nafasi ya sentimita 10 au zaidi ni kawaida.

Kitambaa ndicho hasa cha kutazama, kwa sababu ya joto letu. Lesi nzuri ya poliesta mwezi wa Februari Ukunda ni adhabu: inashika jasho na kunata mgongoni. Tafuta pamba, kitani au rayoni, ambayo kwenye lebo nyingi imeandikwa viscose. Kama lebo imekatwa, omba uzi mmoja kutoka kwenye upindo wa ndani na uuchome, mbali na nguo yenyewe tafadhali. Pamba, kitani na rayoni zinanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka, kisha inakuwa kipira kigumu. Muuzaji anayeijua mali yake hatakasirika. Tazama pia chini ya makwapa, zipu, na sehemu ambazo lesi imeshikana na kitambaa, kwani hapo ndipo huanza kuachia.

Na fundi? Hapa ndipo sisi tunapopapenda zaidi. Doti moja ya leso ni vipande viwili, kila kimoja karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kitu, na inatosha gauni pana la mtu wa kawaida. Mambo matatu ya kumwambia fundi mapema. Pindo libaki chini kwenye miguu au kwenye mikono, lisikatwe ovyo. Kifuani pasiwe na kazi nyingi. Na jina la leso, yale maandishi, mkubaliane litaangukia wapi. Lisome kwanza! Kuna majina ya leso yaliyotungwa kumpiga mtu kijembe, na hutaki kumpelekea wifi ujumbe ambao hukuukusudia.

Lakini ifue kabla ya kumpa fundi. Ifue peke yake, ikauke, ndipo ikatwe. Leso mpya ina wanga, inaweza kutoa rangi na kupungua kidogo. Tutarudi hapo.

Kuhusu kulipa

Tuanze na dukani au sokoni, kwa sababu ni rahisi. Kama muuzaji ana namba ya Till, lipa hapo badala ya kumtumia kwenye laini yake. Unapata jina la biashara kwenye ujumbe wako, na ukija siku ya pili na gauni lililoachia mshono, una kitu cha kuonyesha. Kutuma kwa laini ya mtu kunakuonyesha jina la mtu tu, na baada ya miezi miwili hata wewe hukumbuki ulimlipa nini. Usifute ujumbe wa malipo hadi nguo ifuliwe mara mbili. Ndiyo, mara mbili.

Kwa fundi, malipo ya mwanzo ni haki yake, maana ana uzi wa kununua na muda wa kutenga. Ila yasizidi nusu. Ukishatuma, mwandikie ujumbe mfupi papo hapo: "Fundi, nimetuma 250 ya gauni la leso ya nili, jumla 500, nachukua Alhamisi." Akijibu "sawa", mna makubaliano yaliyoandikwa. Tumeona ugomvi mwingi kati ya mteja na fundi ambao ungeisha kwa ujumbe mmoja kama huo, na mara nyingi hakuna aliyedanganya. Mmoja alisikia Alhamisi hii, mwingine Alhamisi ijayo.

Mtandaoni ndiko kwenye kazi. Turudi kwa mwenzetu, na tumpitishe hatua kwa hatua, kwa ruhusa yake.

Picha ya gauni ilikuwa safi mno. Ukuta mweupe, mwanamitindo, mwanga wa studio. Angeweza kuomba video fupi: "Dada, nionyeshe gauni hilo hilo ukilishika mkononi, na upindo wa ndani." Mwenye nguo anaifanya kwa dakika mbili. Asiye nayo ana hadithi: simu imeharibika kamera, niko kwa msiba, mteja mwingine anasubiri.

Ukurasa ulisema duka liko Ukunda. Sawa, Ukunda wapi? Karibu na nini? Ukunda si London. Mtu anayeishi pale atakwambia upande gani wa barabara kuu na duka gani jirani. Mwenzetu aliuliza, akajibiwa "town", akaridhika.

Halafu jina. Hili ndilo lililotuuma. Unapotuma pesa, jina la mpokeaji hutokea kwenye simu na unapewa nafasi ya kusimamisha. Ukurasa ulikuwa na jina la mwanamke, na yeye ndiye aliyekuwa akiandikiana naye. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamume. Mwenzetu aliliona. Akauliza, akaambiwa ni laini ya mume wangu. Inawezekana kabisa, watu wengi hutumia laini za jamaa zao. Lakini jina likitofautiana, na duka halijulikani liko wapi, na picha ni ya studio, yote kwa pamoja, hapo simama. Mwambie nitalipa boda akifika na nguo. Muuzaji wa kweli wa Ukunda anayekuletea Diani hana sababu kubwa ya kukataa. Akiogopa utamkimbia, mtumie nauli ya boda peke yake.

Na kosa la mwisho: haraka. Harusi Jumamosi, gauni Jumatano. Matapeli hawahitaji kukuharakisha kama kalenda inawafanyia kazi.

Watu hutuuliza kama pesa hiyo inarudi. Ukikosea namba, kwa M-Pesa unapeleka ule ujumbe wa malipo kwenda 456 mara moja, na ukiwahi kabla mpokeaji hajaitoa, kuna matumaini. Lakini hapa namba ilikuwa sahihi, na mpokeaji alitoa pesa dakika chache baadaye. Hiyo si kukosea namba. Hilo ni suala la polisi, na utahitaji ule ujumbe wa malipo, namba ya simu na picha za mazungumzo. Usizifute kwa hasira.

Kwa mama na dada mnaouza nguo: nyinyi pia mnalengwa. Mteja anachagua magauni matatu, anasema ametuma, simu yako inalia na ujumbe unaofanana kabisa na wa malipo. Usiusome ujumbe peke yake, angalia salio lako. Ujumbe wa uongo unaweza kuandika chochote, ila hauwezi kukuongezea salio. Kama foleni ni ndefu mteja atasubiri, na wa kweli hatakimbia.

Basi harusi ikaendaje? Ijumaa usiku mwenzetu alinunua doti ya leso ya kahawia na ndovu kwa 700, akambembeleza fundi wa jirani amshonee Jumamosi alfajiri kwa 500. Mishono miwili ya ubavuni, shingo ya mviringo, pindo chini. Jumla 1,200. Msambweni wanawake watatu walimuuliza amenunua wapi. Hakupata muda wa kuifua, kwa hivyo kufikia saa tisa alasiri jasho lilikuwa limemchora rangi ya kahawia kwapani na mgongoni, na picha za jioni alipiga akiwa na mtandio umefungwa hadi shingoni.

Ile 2,200 haijarudi. Ameshaandikisha ripoti. Ukurasa bado upo, umebadilisha jina tu, na wiki jana uliweka gauni lile lile. Sasa ni 1,900.