Mionzi ya Tiba na Hesabu ya Kutupa Dadu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Maradhi ya saratani aghalabu hutibiwa kwa mionzi, nayo mionzi hiyo hiyo ikipigwa ovyo humwangamiza mtu. Ikizidi, viungo vizima huharibika. Ikipungua, uvimbe hubaki na kukua tena. Kwa hivyo kabla mgonjwa hajalazwa chini ya mashine, ni sharti ijulikane kila sehemu ya mwili wake itapokea kiasi gani.

Kiasi hicho hupimwa kwa grei. Grei moja ni jouli moja ya nishati katika kilo moja ya mwili. Ni kidogo mno! Haiwezi hata kuyapasha maji moto ukahisi kwa kidole. Lakini grei tano zikipiga mwili mzima kwa mara moja zaweza kuua.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Miale ya mashine ya volti milioni 6 haina nguvu zaidi pale kwenye ngozi, bali kama sentimita 1.5 ndani. Ikifika sentimita 10 imebaki kama thuluthi mbili. Tarakimu hizi hupatikana kwa kupima ndani ya tangi la maji, maadamu mwili wetu kwa wingi ni maji. Lakini je, pafu ni maji? La hasha, limejaa hewa. Na mfupa je?

Swali hilo lilimsumbua Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur, akaona kwamba wagonjwa wanapigiwa hesabu kana kwamba mwili ni kitu kimoja tu ndani hadi nje. Akatafuta njia ya kuupima mwili kwa miale kutoka pande nyingi. Kazi yake, pamoja na ile ya Godfrey Hounsfield wa Uingereza, ndiyo iliyotuletea picha za CT, na wawili hao wakatuzwa Nobel mwaka 1979.

Picha hiyo ndiyo ramani. Tarakilishi (wengine wetu twasema kompyuta, mwalimu atusamehe) huigawanya katika vijisanduku vidogo vya milimita chache. Kisha hufuata fotoni moja baada ya nyingine. Itasafiri umbali gani kabla ya kugonga? Itaing'oa elektroni? Itageukia wapi? Kila mara tarakilishi hutupa dadu, ila dadu hiyo imetengenezwa kufuata sheria za fizikia.

Mbinu hii huitwa Monte Carlo, jina la mtaa wa kamari kule Monaco. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam alikuwa akipata nafuu baada ya kuugua, akicheza karata peke yake. Alijiuliza uwezekano wa kushinda ni upi, akaona kuliko kuumiza kichwa, heri mchezo uchezwe mara mia na ushindi uhesabiwe. Yeye na John von Neumann wakaitumia mbinu hiyo katika kazi za silaha za nyuklia. Ajabu ni kwamba leo inaponya.

Jaribuni wenyewe. Chora mraba, na ndani yake robo ya duara ambayo kitovu chake ni pembe ya mraba na nusu kipenyo ni upande wake. Tawanya punje 100 za mchele bila kulenga. Hesabu zilizoanguka ndani ya robo duara, zidisha kwa 4, gawanya kwa zote zilizo ndani ya mraba. Mara nyingi utapata kitu kati ya 3.0 na 3.3 hivi, yaani pai yetu ya darasani. Ukitaka kosa lipungue mara 10, punje ziongezeke mara 100! Ndiyo maana fotoni hufuatwa kwa mamilioni, na ndiyo maana zamani hospitali zilitumia njia za mkato, kwa kuwa mashine zilikuwa za polepole.

Mkato huo huponza hasa kwenye pafu. Elektroni hutoroka mbali katika hewa, kwa hivyo hesabu yaweza kudai kingo za uvimbe zimepata kipimo kamili, kumbe bado.

Lakini hata tarakilishi hodari hujibu kile ilichoulizwa. Huko Panama, mwaka 2000 hadi 2001, wagonjwa 28 walipigwa mionzi kupita kiasi na baadhi yao wakafa. Programu ilikubali vizuizi vinne tu vya kukinga viungo vizima, nao wahudumu walihitaji vitano, basi wakaviingiza vyote kana kwamba ni kimoja. Mashine haikulalamika. Ilitoa muda mrefu kuliko uliofaa. Wachunguzi walipokuja, walisema kwamba hesabu ya mkono, au kipimo kimoja ndani ya tangi la maji, kingeifichua kasoro hiyo kabla mgonjwa yeyote hajapigwa mionzi.