Supu Chachu ya Ufilipino na Ndimi Mbili Mezani



Ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia jikoni. Baba anaonja mchuzi, anaweka kijiko chini na kusema: "Mama yangu hupika tofauti." Mama hanyanyui kichwa, lakini neno limeshaingia moyoni.

Leo tujifunze kwa ndugu zetu Wakatoliki wa Ufilipino. Wana chakula kiitwacho sinigang, yaani supu ya nyama au samaki iliyotiwa uchachu wa matunda. Uchachu huo si mmoja. Katika kisiwa cha Luzon wengi hutumia ukwaju mbichi. Wengine hutia mbirimbi, zilezile za Pwani yetu, na wengine mapera. Watu wa visiwa vya Panay na Negros hupenda tunda lao liitwalo batwan. Kijana wa Luzon akioa binti wa Panay, kila mmoja amelelewa na chungu kingine. Nani kati yao amekosea?

Jaribuni wenyewe, wawili pamoja. Kwa watu sita, chemsha kilo moja ya mbavu za nguruwe katika lita mbili za maji, pamoja na kitunguu na nyanya mbili. (Nyama ya ng'ombe pia hufaa.) Wafilipino hupenda kutumia maji waliyooshea mchele mara ya pili, ili supu iwe nzito kidogo. Toa povu, kisha acha moto mdogo kwa saa moja au zaidi, mpaka nyama ilainike. Tia vipande vya nduma, navyo vikikaribia kuiva, ongeza figili nyeupe, biringanya, bamia na pilipili ndefu ya kijani, nzima. Mboga za majani ziwe za mwisho kabisa.

Sasa ukwaju. Loweka kiasi cha gramu 100 katika kikombe cha maji ya moto, kamua, chuja. Usimimine wote! Mimina nusu, koroga, kisha mwite mwenzako aonje. Akitaka zaidi, ongeza kijiko kimoja, aonje tena. Uchachu ukipungua huongezwa. Ukizidi, kuutoa ni kazi.

Hapo ndipo penye somo. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, hayati Papa Fransisko alizihimiza familia zitumie maneno matatu: naomba, asante, samahani. "Naomba uongeze kidogo" ni ombi ambalo mpishi anaweza kulitimiza. "Mama yangu hupika tofauti" ni hukumu, tena mbele ya watoto. Mama naye asijibu, "Basi rudi kwa mama yako." Tumesikia ndoa zilizotikisika kwa jibu hilo.

Na kama ndimi hazikubaliani kabisa? Wafilipino huweka mezani kibakuli cha patis, maji ya chumvi yatokanayo na samaki waliochachushwa, pamoja na pilipili, na kila mtu hukoleza sahani yake. Kwetu chumvi, pilipili na ukwaju uliobaki vyatosha. Supu huliwa na wali.

Ijumaa za Kwaresima, tumieni tilapia badala ya nyama. Mboga ngumu na ukwaju vitangulie chunguni, samaki afuate kwa dakika kama kumi tu, asivunjike. Siku hiyo Baba ashike mwiko, Mama aonje.